Mzabibu Uliogoma Kulala

Jua halijavuka ukuta wa ua, na Mashdi Nurali Chenari tayari amepiga magoti kwenye tope, ubavuni mwa mzabibu wa Bi Turan. Anapapasa shina kwa kiganja, anasukuma kidogo, anatega sikio. Anafunga jiwe jingine kwenye kamba inayolivuta shina chini, kisha anakaa kitako kulitazama.

Kati ya shina na ardhi bado kuna pengo la kupita paka. Redio ya jikoni imekuwa ikirudia tangu alfajiri kwamba theluji itashuka Hamadan usiku huu.

Nurali, anayeitwa Mashdi, jina la heshima la waliozuru Mashhad, ana miaka sitini na mitatu. Kila mwezi wa Aban, kabla ya majira ya baridi, kazi yake ni kuzilaza nyua za watu. Hupogoa mawaridi, huingiza vyungu vya maua katika chumba cha chini, humwaga maji ya hodhi, huvisha mabomba magunia. Mwisho huifukia mizabibu. Chini ya mlima Alvand, mzabibu ulioachwa umesimama huwa kuni ifikapo masika.

Ujira wa ua mmoja humtosha kununua nyama ya wiki na mkate. Theluji ikishashuka, hakuna anayemwita hadi mwaka mpya, ambao huku huanza na masika.

“Watu wanadhani hii ni kazi ya sepeto,” anasema. “Sepeto ni la mwisho. Kwanza unaushusha mzabibu polepole, leo jiwe hili, kesho jiwe lile, kama unavyombembeleza mzee akubali kwenda kwa daktari.”

Mwaka huu nafasi ya kubembeleza haikupatikana. Nyumba zilizomwita zilikuwa nyingi, akaanza na zile za mtaa wa juu ambako baridi hutangulia. Kwa Bi Turan alifika wiki nzima baada ya siku aliyoahidi. Halifichi hilo; anasema kosa ni lake. Mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na minne, hakumkaripia. Alimuuliza tu kama alikuwa anaoa.

Mzabibu huu ulipandwa na marehemu mumewe. Mtoto wao alipokuwa vitani, baba aliweka nadhiri kwamba akirudi mzima, vichala vya kwanza vya kila mwaka vitagawiwa nyumba zote za kichochoro. Kijana alirudi. Leo ni fundi wa lifti mjini Tehran, ana mvi, na nadhiri haijaruka mwaka hata mmoja.

Jirani wa ng'ambo ya kichochoro, Bwana Sirus, dereva wa teksi aliyestaafu, aliingia na gilasi yake ya chai mkononi kutazama kazi ya Nurali. Alishauri mzabibu uachwe kama ulivyo, na ukifa, zabibu zinunuliwe sokoni. Mungu hadai risiti, alisema.

“Nadhiri haikuwa ya zabibu, Sirus. Ilikuwa ya zabibu hizi,” Bi Turan alimjibu. “Umezila miaka thelathini na tano, leo ndiyo umekumbuka kuna soko?”

Sirus akapuliza chai yake, akanywa.

Adhuhuri, Nurali alilala kifudifudi juu ya shina akalikandamiza kwa uzito wake wote. Ikasikika sauti nyembamba, kama kijiti kinachovunjwa ndani ya kitambaa. Akajiondoa haraka. Karibu na mzizi, gome lilikuwa limepasuka urefu wa kidole.

“Nikisukuma tena, nitakuwa nimeukata mwenyewe,” alisema.

Alipaka ufa ule udongo wa mfinyanzi, akaufunga kwa kipande cha mtandio wa zamani alichopewa na Bi Turan. Kisha akamweleza kwamba njia iliyobaki ni moja. Shina halitashuka, kwa hiyo udongo ndio utakaopanda kulifuata. Lakini tuta la kulifunika lote lilihitaji udongo mwingi, na ua umesakafiwa kwa mawe isipokuwa kitalu cha mawaridi. Kukichimba kungeacha mizizi ya mawaridi wazi usiku uleule wa theluji.

Bi Turan hupika jamu ya mawaridi hayo kila mwaka. Aliyatazama, akasema neno moja: “Chimba.”

Nurali alikuwa bado ameshika sepeto, hajachimba, Sirus alipoweka gilasi yake ukingoni mwa hodhi na kutoka bila kuaga. Walidhani amechukia. Alirudi akisukuma toroli lililojaa udongo mweusi wa kitalu chake cha nyanya.

“Huu ni mkopo,” alisema. “Masika nautaka wote, na mbolea juu.”

Habari ikatembea kichochoroni. Mke wa mwalimu alileta ndoo mbili, akarudi kwa nyingine mbili. Vijana wa ghorofani, wasio na bustani, walileta gunia la mchanga wa ujenzi. Nurali aliwashukuru, akalisogeza kando, kwa kuwa mchanga hauzuii baridi, akawaambia utafaa kumwagwa mlangoni barafu ikianza kuteleza.

Alitanguliza mabua makavu ya ngano, kisha udongo, akiushindilia kwa mgongo wa sepeto pasibaki tundu la hewa. Sirus alisema tuta linafanana na kaburi. Bi Turan akamwambia aume ulimi wake, akalizunguka akiligongagonga kwa kandambili.

Theluji ilianza wakati wa magharibi.

Nurali hatoi ahadi. Ufa unaweza kufunga au kuoza, na hakuna atakayejua hadi maua ya mlozi yaishe baada ya mwaka mpya, baridi ya usiku ikome. Safari hii ua wa Bi Turan ndio atakaoufungua kwanza. Mzabibu ukiwa hai, hataliinua tena shina lile kwenye dari ya miti unakotambaa kila kiangazi. Ataliacha lilale chini, achague chipukizi moja karibu na mzizi, alifundishe kupanda mahali pake.

Bi Turan alimuuliza chipukizi litachukua muda gani kuzaa. Miaka mitatu, alijibu, na hadi hapo mzabibu utatoa kidogo sana. Mama huyo alisema hata ikiwa punje moja kwa kila nyumba, itagawiwa.

“Miaka mitatu naiweza,” alisema, akimfungulia lango. “Wewe tu usichelewe, Mashdi.”