Marehemu Analipa Ushuru

Tulimzika mama nyumbani Ukambani siku ya Ijumaa. Jumatatu nilikuwa mjini kwenye dawati langu, simu yake ikiwa ndani ya mkoba wangu, imejaa chaji. Sikuwa na nia mbaya, nataka hilo lijulikane. Kodi ya nyumba zake nane za kupangisha hapa mjini, Muthangari, ilikuwa inaingia kwa laini ile, na nilijua kitakachotokea wapangaji wakisikia mwenye nyumba hayuko. Wangeuliza sasa wamlipe nani, wajomba zangu wangejibu kabla yangu, na kesi ya mirathi ingekaa kotini miaka nenda miaka rudi. Kwa hivyo sikuwaambia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilificha kilio chenyewe.

Mpangaji akiandika, "Mama, nimetuma," nilimjibu vile mama angejibu: "Nimeona. Mungu akuzidishie." Hiyo "Mungu akuzidishie" yake alimpa hata mtu aliyechelewa wiki mbili. Mwanzoni vidole viliandika vikifuta. Kufikia mwezi wa tatu vilikuwa vinaandika vyenyewe kabla sijafikiri, na hapo ndipo nilianza kuogopa.

Halafu kulikuwa na ushuru. Kwa wenye nyumba ndogo ndogo za kupangisha kama sisi, serikali inataka asilimia saba na nusu ya kodi yote unayopokea, kabla ya tarehe ishirini ya mwezi unaofuata. Haijali kama ulitengeneza paa au ulinunua tangi. Gharama zako utajua mwenyewe. Mama hakuwahi kukosa hata mwezi mmoja. Aliogopa watu wa ushuru kuliko alivyoogopa nyoka. Basi nami nikawa naingia kwenye mtandao wao kwa nambari yake. Kompyuta ilinikaribisha kwa majina yake yote matatu, yale yale yaliyoandikwa kwenye msalaba. Mwisho wa fomu kuna kisanduku cha kuweka alama, kwamba mimi mlipa ushuru nathibitisha haya yote ni ya kweli. Niliweka alama. Risiti ikaingia kwa simu yake, ikimshukuru. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali nje, na mwili ulinisisimka mpaka nikavaa sweta.

Ghorofa ya chini ya jengo letu la kazini kuna mwanamke anayefanya hesabu za ushuru. Nilimwendea nikijifanya namuulizia jirani. Akaniambia marehemu hawezi kujaza fomu. Familia inapeleka cheti cha kifo, mirathi inapewa nambari yake, na msimamizi aliyeteuliwa na koti ndiye anatangaza kodi inayoingia.

"Huyo jirani yako akiendelea hivyo," akasema, "siku moja ataulizwa marehemu anaweka sahihi kwa mkono gani."

Akacheka. Mimi nilienda chooni nikanawa uso.

Ningekoma hapo. Lakini nilikuwa mchoyo, wacha niseme ukweli. Tangi lilipasuka, bili ya maji ikapanda, na ile asilimia haikupungua hata kidogo. Nikaandika meseji moja nikaituma kwa wapangaji wote: "Habari zenu. Kwa sababu ya ushuru wa serikali, kuanzia mwezi ujao kila nyumba itaongeza elfu tano. Mungu awazidishie." Ushuru ulikuwepo siku zote. Niliisingizia serikali, na nikamsingizia mama.

Saba walinung'unika wakakubali. Wa nane ni mwalimu mstaafu wa nyumba ya chini, mzee wa kwetu Ukambani, ambaye amekaa pale miaka kumi na tisa. Mama alikuwa amemwahidi, kwa mdomo tu, mbele yangu: "Mwalimu, maadamu mimi niko hai, kodi yako haipandi." Pensheni yake naijua. Hizo elfu tano zingemtoa Muthangari, na kwa umri wake sijui angeanzia wapi. Nilijiambia ahadi iliisha na aliyeitoa, nikajifanya nimemaliza.

Siku nzima hakujibu. Kesho yake saa nne asubuhi simu ya mama ikaita, jina lake Mwalimu kwenye kioo. Tangu mazishi hakuwa amewahi kupiga, alikuwa anaandika tu. Niliiangalia ikitetemeka juu ya dawati. Maneno ya mama ninayo, lakini sauti yake sina. Ikanyamaza, ikaita tena, ikanyamaza. Kisha meseji ikaingia.

"Mama, najua hutashika. Nilisikia tangazo lako kwa redio ya Kikamba, nikaja kukuzika. Nilisimama nyuma, nikarusha mchanga wangu. Nimenyamaza kwa sababu uliniahidi maadamu uko hai, na kila mwezi unanijibu. Huyo anayekushikia simu mwambie hivi: kama anataka uwe hai, basi kodi yangu ibaki pale pale."

Niliisoma mara nne. Miezi yote hiyo alikuwa ananiandikia akijua, "Mungu akulinde mama," na mimi nikimjibu. Aibu niliyoiona siku hiyo sijawahi kuiona. Niliandika, "Mwalimu, nisamehe, ni mimi binti yake." Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe vidole vikaandika, "Nimemwambia. Kodi yako haipandi."

Akajibu papo hapo.

"Asante, mama. Sasa pumzika."