Jogoo wa Mama Masika wa Nyakiyumbu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha kuku Nyamwamba, mjini Kasese, Bwana Mkuu hakuniuliza hata jina. Alikuwa ametoka jeshini, nasi wote tulimwita afande. Alipasua yai la kijani mbele yangu. "Wewe, angalia ndani!" Ndani ya ganda kulikuwa buluu. Ndipo nilipojua kwamba yai la kijani ni la buluu lililopakwa kahawia kwa juu, na kwamba buluu hupenya ganda lote. Jamani, nilifurahi!

Ninyi wa siku hizi mnapiga picha, mnauliza simu. Sisi tulimshika kuku mkononi, na kuku wa mayai ya buluu tuliwajua wa aina mbili. Araukana hana mkia, na ana vishungi vya manyoya masikioni. Amerukana ana mkia, ndevu na miguu ya kijivu. Wote wawili upanga wao, ile nyama nyekundu ya kichwani, ni mfupi, umelala. Ukiona umesimama wima, huyo ni chotara, na rangi ya mayai ya binti zake ni bahati nasibu.

Baadaye nilihamishiwa Bwera. Karibu na hapo, Nyakiyumbu, aliishi mjane, Mama Masika, mwenye amerukana safi alioachiwa na padri mmoja mgeni. Watu walivuka mpaka wa nchi kufuata mayai yake ya kutotolesha, na ndiyo yaliyomlisha. Jogoo alikuwa mmoja tu. Nilimsifu jogoo huyo kwa Bwana Mkuu mpaka akaja mwenyewe kutoka Kasese kumwona.

Mama alitukaribisha kwa bundu, ugali wetu wa muhogo, na kuku, na firigisi akamwekea mkubwa. Afande alikula, akanawa mikono.

"Haya, mama, jogoo iko wapi? Leta nione."

Mama akashangaa. "Afande, si umemukula? Mugeni mukubwa hivi, ningemuchinjia mutetea?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini angefanyaje? Alijua, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba mkubwa anampenda jogoo yule. Kumpa kuku mwingine ingekuwa kumdharau. Alipoona nyuso zetu ndipo akaelewa, akaanza kulia, nami machozi yakanitoka.

Nilingoja afande afoke. Akavua kofia. "Usilie, mama. Mutetea inakaa na mbegu ya jogoo siku mingi. Mayai ya wiki hii, usiuze hata moja!" Akaingia bandani kwa magoti, akaokota mayai viotani, akayaweka ndani ya kofia ile, na tukamtafutia Mama Masika kuku wa kuyaatamia. Vifaranga walipokua, mmoja akaota ndevu, na upanga wake, mwekundu kuliko wa wenzake, umelala. Jogoo! Nilipiga vigelegele kama niko harusini.

Sasa nimestaafu, niko Kisinga na kuku wangu wachache. Kazi ile naikumbuka kwa hamu, nasema kweli, na afande naye, na ukali wake wote. Zaidi ya yote nakumbuka siku tuliporudi kumtazama jogoo mchanga. Mama Masika alituwekea maharagwe. Aliona aibu. Mgeni mkubwa hakuwahi kulishwa maharagwe nyumbani kwake. Nyuma ya nyumba jogoo aliwika. Afande alikula yote, akasogeza sahani.

"Mama," akasema, "ongeza."