Goli Lililosimamisha Jeneza

Msinicheke bado, ngojeni nifike penyewe, maana mkianza sasa kicheko kitawaishia kabla jeneza halijatokea. Aibu yangu hii ilizunguka Mtoni nzima ikavuka mpaka Kinondoni, na hata leo, Mwingereza keshafunga virago, wapo watu wanaonisalimia "Goli!" badala ya kuniuliza habari za asubuhi.

Mie mpira naupenda kuliko chakula. Sisemi kwa mzaha, mzaha siuwezi (hilo likumbukeni, litatufaa mbele). Naupenda unavyozunguka hewani, ile kamba yake ya ngozi ya kufungia inatokea, inapotea, inatokea, naupenda mstari wa chokaa ulionyooka, na sheria zake nilikuwa nazijua zote kwa moyo, nikikukamata njiani nakueleza habari za kuotea mpaka unasahau ulikokuwa unakwenda. Watu wa mpira ndio walionishinda. Makelele yao yananichoma masikioni kama sindano, na wakifurahi wanakurukia wakukumbatie na jasho lao, na mie mtu akinigusa ghafla nahisi ngozi yote inataka kuhama. Mama alinipeleka kwa mganga, mganga akanitazama, akasema huyu mzima, kichwa chake kina njia zake tu. Ndiyo maana nikawa golikipa, kwani golini uko peke yako, hakuna wa kukugusa, na kila kitu kinakuja kutoka upande mmoja.

Sasa mechi iliyotangulia hiyo ya aibu nilidaka penalti, wenzangu wakanirukia wote, nami nikachomoka nikakimbia mpaka nyumbani (mechi inaendelea, goli wazi). Kapteni wetu Salumu, mtoto wa shangazi yangu, alinitetea kwa taabu, kisha akaniambia, "Mechi ijayo nakuweka golini mara ya mwisho, binamu. Ukileta kituko kingine utakuwa mtazamaji." Mtazamaji! Nikasimame katikati ya yale makelele, nibanwe na mabega ya watu! Ilikuwa sawasawa na kuniambia mpira nisiuone tena.

Basi asubuhi ya mechi hiyo, sisi na Kinondoni, nikaamua kajambo kadogo tu. Nikachana mto wa mama, nikachota sufi, nikaziba masikio yote mawili.

Jamani, raha niliyoipata! Dunia ilinyamaza, ukabaki mpira. Vijana wa Kinondoni walipiga mashuti, nikayadaka yote, nikawa nacheka mwenyewe golini. Kipindi cha pili kikaenda mpaka kwenye mwisho mwisho, hakuna goli, mpira ukanijia taratibu, nikauweka chini, nikainua macho, nikaona wachezaji wote, wetu na wao, wanakimbilia barabarani nyuma ya goli la Kinondoni.

Nyie mnajua, na mie nilikuwa najua vilevile, kwamba jeneza likipita mpira unasimama, vijana wanakwenda kupokezana kulibeba hatua kidogo, ni thawabu, halafu wanarudi kucheza. Na filimbi haipulizwi, nani atampulizia maiti filimbi? Lakini Lailaha illallah yao sikuisikia, na jeneza lenyewe lilizibwa na umati, na jua lilikuwa machoni mwangu. Nilichoona mie ni uwanja mtupu, goli tupu, mpira mguuni, na sheria inasema cheza mpaka filimbi ilie.

Nikaondoka nao. Nikampita refa, Mwalimu Yosefu, kavua kofia kasimama wima, akanipungia mkono kwa nguvu (kumbe ananizuia, nami nikajua ananiambia endelea, faida ni yangu). Moyo ulikuwa unadunda kwa furaha, maana golikipa kufunga goli si jambo la kila siku. Nikapiga shuti, na magoli ya uwanja wetu hayakuwa na nyavu, mpira ukapita katikati ya miti, ukapenya watu, ukaingia barabarani chini ya miguu ya wabebaji. Mmoja akajikwaa, jeneza likainama upande, wakaliwahi, msafara ukasimama. Nami huyo nyuma ya mpira, napunga mikono kama kawaida yangu furaha ikinijaa, nalia "Goli! Goli!" kwa sauti ambayo mwenyewe siisikii.

Hapo ndipo nikaona kofia, kanzu, na nyuso. Nikachomoa sufi. Salumu naye alikuwa kashika mti wa jeneza, ananitazama kama hanijui. Mtu mwenye akili angeomba radhi, lakini ulimi wangu ukasema, "Filimbi haijalia. Goli halali." Kisha nikamgeukia refa, "Au ulipuliza, Mwalimu?"

Mwalimu Yosefu, mtu mkweli, akajibu kwa sauti ya chini, "Sikupuliza."

Mtu akanishika ukosi. Salumu akasema, "Umekwisha, binamu," nami nikajua golini ndiyo basi tena. Ndipo mfiwa mwenyewe, Mwinshehe, aliyebeba mbele, akauliza huyu kijana wa nani. Wakamwambia mtoto wa yule Mnyamwezi mchukuzi wa bandarini. Mwinshehe akafumba macho. Mnajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo kama yeye ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana ruhusa ya kuleta fujo mpaka mfiwa acheke na machozi yake.

"Nilikuwa nashangaa baba anazikwa na watani hawajatokea," akasema. "Mwacheni, kafanya kazi yake."

Mabega yakaanza kumtikisika, kicheko kikashuka msafara mzima, jeneza likawa linacheza mabegani mwa watu. Nikamwambia kwa heshima kwamba mie sikuwa natania. Salumu akanikanyaga mguu. Wakacheka zaidi.

Jeneza likaenda zake, goli langu Mwalimu akalifuta, tukatoka suluhu. Golini nilibaki, kwani Mwinshehe mwenyewe alimwomba Salumu aniache. Lakini arobaini ilipofika wakaniita nije na mpira nirudie utani wangu. Sikujua kuigiza, basi nikaupeleka kweli, nikafunga kweli kati ya vigoda viwili, nikapunga mikono kweli, maana goli ni goli. Mjane akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Akaja kutaka kunikumbatia, akakumbuka alichoambiwa habari zangu, akasimama mbali kidogo, akanipungia mikono yote miwili kama ninavyopunga mie. "Fanya tena, baba," akasema. Nikafanya tena.

Tangu siku hiyo nimeapa, sufi sikio moja tu, la pili nawaachia watu na maiti zao. Lakini lile goli, msinibishie, lilikuwa halali.