Barua Ambayo Haikuachwa Ngara

Tangu asubuhi Deodata alikuwa kama mtu aliyeamka nusu. Benchi la mahakama ya Biharamulo lilikuwa gumu, feni ilizunguka kivivu, na sauti ya Mwalimu Jovitus, mumewe, ilimjia kwa mbali, ile ile ya kusomesha imla.

"Mheshimiwa, shamba la Kaniha tumegawana, sina neno. Lakini hiyo nusu ya kiinua mgongo anayoidai ni jasho langu. Miaka thelathini na mbili nimeshika chaki, yeye hakuingia darasani hata siku moja."

Hakuingia, kweli. Hata huyo mwanamke mwenye gesti Nyakanazi, ambaye Jovitus alihamia kwake mara tu alipostaafu, hakuingia. Deodata alifumba macho, na benchi likapotea.

Akajikuta Murusagamba, mwaka wa tisini na saba, ukungu umeikalia migomba, Happy mchanga yuko mgongoni ana homa. Jovitus, kijana mwenye shati moja la maana, anamkabidhi bahasha. Mshahara umechelewa miezi mitatu, wenzake wamekwenda kuchimba dhahabu, naye ameandika kwamba anaacha kazi. Kwa kuwa mkewe anampeleka mtoto hospitali ya Ngara, basi apitie ofisi ya elimu aiache huko.

Hospitali alikwenda. Ofisini alifika hadi mlangoni, akasimama, akageuka.

"Wamesema usubiri jibu," alimwambia mumewe aliporudi, bila kupepesa macho.

Jovitus akasubiri huku anafundisha. Muhula ukaisha, mshahara ukaja, akapewa darasa la saba, na baadaye ualimu mkuu. Kila walipokuja wageni alisimulia jinsi serikali ilivyomkatalia kuacha kazi, maana ilijua inampoteza nani. Deodata aliwaongeza wageni chai akanyamaza. Mwanamume na majivuno yake, ungemwambia nini?

"Mama," hakimu aliita. "Una ushahidi wowote wa mchango wako?"

Deodata akafumbua macho, akasimama. Bahasha ilikuwa imegeuka rangi kwa kukaa miaka yote hiyo sandukuni chini ya vitenge. Hakimu aliisoma barua, akampa Jovitus.

"Mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, Mheshimiwa." Aliisoma hadi mwisho, akairudia. "Mama Happy, kwa nini hukuipeleka?"

"Ulikuwa ukilala mchana, unafundisha usingizini, Baba Happy. Unawaita watoto kwa majina, unawaambia wafungue madaftari. Pale mlangoni nikakusikia tena. Nikaona, huyu akienda kwenye mashimo ya dhahabu hatarudi mzima."

Jovitus aliikunja barua taratibu, akifuata mikunjo ile ile ya zamani.

"Kumbe serikali yenyewe ilikuwa wewe," alisema. Kisha akamgeukia hakimu. "Andika nusu, Mheshimiwa. Sina swali jingine."

Deodata aliketi. Alikuwa amepata alichokifuata, na bado moyo ulimuuma. Miaka yote ile alitamani kusikia neno moja tu kama lile, nyumbani, wageni wakiwepo, chai ikiwa mezani. Sasa limekuja, siku ya talaka.