Mpira wa Muda

Jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika zamani. Gereji nzima ilimwita Baruti, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Fundi hodari, hilo hata mahasimu wake walikubali. Lakini mdomo, jamani! Nati ikikataa kufunguka, aliitukana nati, kiwanda kilichoitengeneza, na mama mzazi wa mwenye kiwanda. Ukimwambia hasira hasara, anakujibu, "Hasara ni yako, mimi nishazoea."

Asubuhi hiyo mkunga alilirudisha gari lake kwa mara ya tatu. Akashuka, akasimama mbele ya Baruti na funguo mkononi.

"Fundi, jana kidogo nife. Nalipita lori mlimani, nimefika ubavuni kwake, gari likakata nguvu. Nakanyaga mafuta, haliendi. Na mbele basi hilo linakuja! Nina wanawake wawili huko juu wanakaribia kujifungua. Leo ukishindwa niambie umeshindwa, nilipeleke kwingine."

Kushindwa! Neno hilo lilimchoma Baruti. Gari lile lilikuwa na turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, na turbo ndizo zilizompa sifa mjini. Mara mbili alilikagua, mara mbili akalikabidhi akiapa kwamba limepona. Sasa akatafuta wa kumbebesha lawama, na aliyekuwa karibu ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mpole aliyefanya naye kazi miaka tisa.

"Wewe!" alifoka. "Nani alisafisha injini hii wiki iliyopita? Si wewe? Umeacha mpira wa hewa umelegea mahali!"

"Niliibana mipira yote, shemeji."

"Umebana nini? Usingekuwa kaka wa mke wangu, nani angekupa spana ushike? Miaka tisa nakubeba mgongoni kama mtoto mchanga!"

Mkunga akatazama chini. Shemeji akafungua kinywa, akamwangalia mkunga, akakifunga. Akajifuta mikono, akatia spana zake moja moja kwenye mfuko, akaondoka bila hata kuaga. Maji yakimwagika hayazoleki, ila Baruti hata hakuona kwamba yamemwagika.

"Aende!" alisema. "Hapa si kituo cha kulea watu."

Akaanza kazi peke yake, akisonya. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mabomba ya hewa aone panapovuja. Hapavuji. Akapuliza moshi ndani kwa pampu, moshi haukutoka popote. Akachomeka mashine ya kupima, ikamwambia turbo haileti presha ya kutosha. "Hilo hata mimi najua, mjinga wewe!" akaifokea mashine. Akaliwasha gari, akalizungusha mtaani, likavuta kama jipya. Aliporudi akaipiga teke ndoo ya sabuni.

"Fundi," mkunga alisema, na sasa sauti yake nayo ilikuwa imepanda, "tangu siku ya kwanza nakwambia, asubuhi halina shida. Ni mpaka likimbie nusu saa, lipate moto. Wewe unalipima likiwa baridi, unaniambia limepona. Hayo masikio ni ya kusikilizia au ni mapambo?"

Hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo akabaki salama. Lakini Baruti alifungua mlango wa abiria akaingia, kwa sababu ni kweli mama wa watu alisema, na kila mara yeye alimkatiza kabla hajamaliza.

Wakaondoka pamoja, mkunga akiendesha. Nusu saa na ushee, katikati ya mlima, gari likakata nguvu.

"Umeona?"

"Simama pembeni! Usizime!"

Baruti akaruka nje, akafungua boneti, joto likampiga usoni. Nyuma ya injini, mahali mkono unapofika lakini jicho halifiki, kuna mpira mwembamba unaofyonza hewa ili kuuvuta mkono wa turbo, ule unaoongeza presha. Akajipinda mpaka akauona. Ulikuwa umelainika kwa moto, ukajifyonza ukawa bapa, hakuna hewa inayopita. Ukipoa unajaa tena, na gari linapona. Halafu akautazama vizuri. Haukuwa mweusi. Ulikuwa wa plastiki laini, wa aina ile ya kupulizia hewa kwenye matangi ya samaki wa mapambo.

Aliujua. Jumapili moja, miezi miwili nyuma, mpira halisi umepasuka, maduka ya vipuri yamefungwa, mkunga ana haraka. Alikata kipande hicho akakichomeka kwa mikono yake, akajisemea ni cha muda tu, kesho ataweka mpira halisi. Mafundi wote wana hiyo kesho yao. Nyani haoni kundule.

"Nani aliuweka huo?" mkunga aliuliza.

Shemeji hakuwepo, uongo ungepita kiulaini.

"Mimi," Baruti alisema, kama anayetukana mtu.

"Basi kamwambie yule uliyemdhalilisha."

Alasiri aliweka mpira halisi, wakaupanda mlima wote gari likivuta bila kusita. Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa shemeji. Alimkuta amekaa mlangoni, watoto wake wakicheza pembeni.

"Ulikuwa mpira wa plastiki. Niliuweka mimi."

"Najua. Niliuona nikisafisha."

Damu ikampanda Baruti. "Uliuona ukanyamaza? Mama wa watu kidogo afe!"

"Nilikuja kukwambia, ukawa unamfokea muuza vipuri. Nikaja tena, unaifokea simu. Nikasema nitakwambia ukitulia. Hukutulia, shemeji. Na leo nisingekuaibisha mbele ya mteja."

"Basi nitukane na wewe! Halafu kesho urudi kazini."

Shemeji akatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, sauti yake ilitetemeka kwa hasira.

"Tangu asubuhi namuwaza yule mama na lile basi. Nakuogopa mpaka nimemwacha mtu aende kufa! Nikirudi nitanyamaza tena. Sirudi."

Baruti akavuta pumzi afoke. Kabla neno halijamtoka, watoto wa shemeji walishakimbilia nyuma ya mlango.