Sauti ya Baba Dukani kwa Lohay

Kanda kuukuu ikianza kuzunguka, kabla muziki haujaingia, hutoa sauti kama mahindi yanayokaangwa nyumba ya jirani. Nikiisikia narudi Karatu, kwenye shamba la kahawa ambako baba yangu, Mgogo aliyetoka Dodoma kutafuta kibarua, alichuma kahawa siku za kazi na kupiga zeze kwenye harusi za watu. Harusini ndiko ilikotoka nyama yetu. Alikuwa akirudi na paja la mbuzi, au debe la mahindi, na mama akisema, "Zeze la baba yenu lina maziwa kuliko ng'ombe."

Miaka ya themanini mwanzoni, Lohay mwenye duka alikuja nyumbani na redio ya kaseti, akamwomba baba apige nyimbo zake zote azinase kwenye kanda. Baba alifurahi mno. Alivaa hata shati la kanisani. Haukupita muda, kanda ile ikawa inauzwa gulioni, ikafika Rhotia, ikafika hadi Endulen.

Baba akaenda dukani, kanishika mkono.

"Mwanangu Lohay, nasikia unauza nyimbo zangu."

"Wimbo ni sauti tu, mzee. Ukishatoka mdomoni si wako tena."

"Na mahindi yakishatoka shambani?"

Lohay akacheka, akamgeukia mteja.

Baada ya hapo mialiko ikakatika. Harusi moja ya Rhotia tulienda kama wageni tu. Baba alibeba zeze lake hivyo hivyo, lakini baba wa bibi harusi akamwambia kwa upole kabisa, "Leo pumzika, mzee. Kanda tunayo." Redio ikawekwa mezani, baba akaketi kwenye benchi, zeze magotini, akijisikiliza. Mimi nilicheza kwa majivuno, nikiwaambia wasichana wenzangu kuwa anayeimba ni baba yangu. Hawakuniamini. Kisha betri zikaanza kuisha, sauti yake ikawa nzito, inaburuta maneno kama ya mlevi. Watu wakaangua kicheko. Baba akasimama, tukaondoka.

Hakupiga tena. Miaka mingi nilidhani kicheko kile ndicho kilichomuumiza. Nilipokuwa na watoto wangu wa kulisha ndipo nilipoelewa kwamba kicheko angekisamehe. Walichomnyang'anya ni kule kuitwa, kutumiwa mtu shambani kuuliza, "Mgogo yupo?" Tangu hapo alikuwa kibarua tu, mpaka akafa. Waliokuja kumzika, wengi wao wakiwa na ile kanda nyumbani, waliniuliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani.