Mbwa Chumbani, Watu Bandani

Mimi sina ugomvi na mbwa. Ugomvi wangu ni na dada yangu. Dada yangu haogopi mtu, ila karatasi ikiwa na mhuri wa serikali hushusha sauti utadhani yuko msibani.

Kazi yake ni kuzalisha mbwa na kuwauza, na ndiyo inayotulisha tangu mumewe, fundi seremala, apigwe na kiharusi. Mkono wa kulia uligoma, na shemeji naye akagoma. Akawa analala tu, kauelekea ukuta, hasemi na mtu. Aliyemtoa kitandani si daktari, wala si mimi na supu zangu. Ni mbwa wetu mzee tunayemwita Mama Mkubwa, aliyemvuta shuka kila asubuhi mpaka shemeji akachoka kumtukana, akasimama. Hadi leo hatoki nje bila yeye.

Basi zikaja kanuni mpya za wafugaji. Kila mbwa anayezaa awe na chumba chake, kikavu, chenye dirisha na kitanda kilichoinuka kutoka sakafuni. La sivyo, hakuna leseni. Sisi tulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na banda la mbao uani. Mtu mwenye akili zake angetafuta mbao ajenge. Dada yangu aliangalia vyumba vitatu, akaangalia majike matatu, akatuhamisha sisi.

Tulibeba magodoro kwenda bandani kama wapangaji waliofukuzwa. Majike yakapanda vitandani mwetu. Lililopata kitanda changu lilikuwa na mimba na kiburi. Nikiingia kuchukua nguo linanikoromea. Kule bandani giza, joto, harufu imeng'ang'ania kwenye mbao. Shemeji anakohoa, na dada anatuambia mvumilivu hula mbivu.

"Mbivu zenyewe wanakula mbwa," nikamjibu. Alininunia siku nzima, na mimi sikujali.

Mkaguzi alipokuja, kumbe ni kijana mpole tu mwenye futi ya chuma mfukoni. Alivua viatu mlangoni. Akapima vyumba, akatikisa vitanda, akafungua na kufunga madirisha, akasema hajapata kuona mbwa waliotunzwa hivi. Dada akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Kisha kijana akamwona Mama Mkubwa, amelala kibarazani miguuni pa shemeji.

"Huyu bado anazaa?"

"Huyo alishakoma zamani."

"Basi hawezi kukaa hapa, mama. Mbwa aliyestaafu haruhusiwi kwenye kituo cha biashara. Lazima akae nyumbani kwa watu. Kama hakuna, naondoka naye leo."

"Jamani, mwanangu, si hapa ndipo nyumbani kwa watu?"

"Nimepima mwenyewe, mama. Hapa ni kituo cha mbwa."

Shemeji akainama. Akamshika mbwa shingoni kwa ule mkono mzima. Nilipandwa na hasira, nikatamani kumzaba mtu kibao, ila sikujua nianze na mkaguzi au na dada.

"Kwani nyinyi mnalala wapi?" kijana akauliza.

Tukampeleka bandani. Aliinama, akagonga kichwa hata hivyo, akawasha tochi ya simu.

"Humu kuna mbwa?"

"Hakuna," dada akasema.

"Nani analala humu?"

"Mimi, mume wangu na mdogo wangu."

"Basi hapa ndipo nyumbani kwa watu."

Tukashusha pumzi. Lakini tochi yake ikazunguka kutani. "Ila hapana dirisha. Siwezi kuruhusu mbwa alale humu. Huo ni ukatili."

"Na mimi?" shemeji akauliza.

Kijana alifikiri kweli, tena kwa huruma. "Wewe hujatajwa kwenye kanuni, baba."

Dada akamwomba atupe hata wiki. Akasema angependa, lakini sheria ni msumeno.

"Basi na mimi nileteeni wangu," shemeji akasema.

Tangu augue hakuwa ameugusa. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akaanza kukata ukuta kombokombo, jasho linamtiririka, mimi na dada tumeshikilia mbao. Mkaguzi akapima, akasema bado pungufu vidole viwili. Shemeji akakata tena. Kijana akapima mara ya pili, akaandika kwamba panafaa kwa mbwa, akatuaga kwa heshima zote.

Upepo ukaingia. Shemeji akaketi kwenye godoro, na Mama Mkubwa akaja kumlalia miguuni. Dada akainama kumfuta mumewe vumbi la mbao. Mwanga ukampiga shemeji usoni, dada akaona jinsi alivyokonda, na machozi yakamtoka.

"Mume wangu, mbona hukuniambia kwamba humu hupati pumzi?"

"Nilikwambia," shemeji akasema. "Ukasema nimsubiri mkaguzi."